Punda wa Marehemu

Mume wangu alinunua punda masika yakiwa ukingoni, na mvua zilipokatika kabisa yeye alikuwa ameshazikwa. Watu wa kijiji chetu cha Mkunya waliyaunganisha mambo hayo mawili upesi, wala sikuwashangaa. Kule juu, kwenye uwanda wa Newala, punda alikuwa mnyama wa kwenye vitabu vya shule. Hatukujua anakula nini wala anashikwaje, na huyu wa kwanza kumwona kwa karibu aliingia kijijini akivutwa na mtu ambaye wiki hiyo hiyo alibebwa kwenye jeneza.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa. Duka la kijiji lilikuwa limekufa na rafu zake tupu, na kila mwenye miguu miwili alitaka kuuza kitu. Mume wangu aliacha jembe akawa anapanda na kushuka kati ya Masasi na Newala na sabuni, chumvi na mitumba. Siku moja akiwa Nanganga aliona punda wanateremshwa kwenye lori na watu wa bara, akawaza maji. Mabomba yetu yalikuwa makavu siku nyingi. Mashine ilikuwa mbovu, ikipona dizeli haiji. Wanawake tuliteremka bondeni kufuata chemchemi, tukapanda mlima na ndoo kichwani, tukafika nyumbani shingo zimezama mabegani. Akasema punda mmoja mwenye madumu angemaliza habari hiyo. Akamnunua jike mmoja wa kijivu ambaye hajawahi kubeba hata kitambaa, akapanda naye kwa miguu njia nzima, mvua ikiwapiga. Alifika nyumbani anatetemeka. Punda tukamfunga kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Yeye tukamfunika mablanketi. Homa ilimpanda kichwani. Majirani wawili walimpeleka hospitali kwa baiskeli, mmoja anaendesha na mwingine anamshikilia asidondoke, na waliporudi walirudi naye amezungushiwa shuka.

Nikaingia eda kwenye nyumba ya mama mkwe. Sikuwa na mtoto. Wenzangu wote mtaani waliitwa Mama Fulani, mimi nilikuwa nikiitwa kwa jina la mume wangu, na sasa jina hilo watu hawakutaka kulitamka ovyo, basi nikawa "yule mwenye eda". Mama yangu alipanda kutoka Lisekese, karibu na Masasi, akakaa nami mpaka hitima, akarudi kwenye shamba lake. Mimi nilibaki na mama mkwe, ambaye alikuwa amempoteza mwanawe mkubwa na hakuwa na maneno, na wifi yangu, binti wa mwisho, ambaye sasa alichota maji kwa ajili yetu sote.

Dunia yangu ikawa chumba, jiko, choo na uwanja mdogo uliozungushiwa ua wa mianzi. Mama mkwe alikuwa mtu wa dini, hakuwa na mzaha. Nisivuke lango, nisijipambe, nisikae barazani watu wanapopita. Sikuona ubaya, nilikuwa sina hamu ya kwenda popote. Hiyo ilikuwa mwanzoni.

Kisha kipupwe kikaingia. Aliyekulia chini, Masasi, kwenye joto na mawe, hajui kipupwe cha Newala mpaka kimlaze kitandani. Ukungu unapanda kutoka bondeni alfajiri unaingia uani kama mtu aliyealikwa. Unakaa. Siku nyingine jua halionekani mpaka mchana, siku nyingine halionekani kabisa, na kuna manyunyu membamba ambayo huwezi kuyaita mvua lakini yanalowesha kuni, nguo na moyo. Nilikaa mlangoni kwenye kigoda, nimejifunika kanga nyeupe, natazama lango la mianzi likifutika na kurudi, likifutika na kurudi. Niliwasikia wanawake wakipita na ndoo wakisalimiana kwa Kimakonde, sauti zao karibu kabisa, na sikuweza kuona hata kivuli. Nilianza kuhisi kwamba kifuani mwangu kuna kitu kimekaa juu ya kitu kingine.

Na nyuma ya nyumba punda alikuwa anakohoa.

Hakuna aliyemgusa. Mjomba wa marehemu, ambaye kwa mila yetu ndiye mwenye kauli juu ya mali ya mpwa wake, alikuwa amesema vitu vyote vibaki vilivyo mpaka nitoke eda, ndipo wakae wagawe. Kwa hiyo robota ya mitumba ilibaki imefungwa, baiskeli ilibaki imeegemezwa ukutani, na punda alibaki kwenye kamba yake fupi, amesimama kwenye tope lake mwenyewe. Wifi alimtupia majani kwa mbali na kukimbia. Punda alikuwa ameshamng'ata mtoto wa jirani bega.

Asubuhi moja kikohozi kilikuwa kibaya. Nikachukua pumba za mahindi kwenye sufuria, nikazunguka nyumba. Alikuwa amelowa mpaka manyoya yamekuwa meusi, masikio yamelala, miguu ya nyuma inacheza. Nilisogea nikamwekea sufuria. Akageuka ghafla akaipiga teke, sufuria ikaruka mpaka kwenye ukuta wa jiko, na mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye tope, kanga ya eda imechafuka yote.

Mama mkwe alitoka mbio.

"Unatafuta nini kwa mnyama yule?"

"Anakufa, mama."

"Aliyekufa ameshakufa. Rudi ndani."

Nikarudi ndani, nikafua kanga, ikachukua siku nyingi kukauka. Lakini kesho yake nilikwenda tena, nikasimama mbali zaidi, nikamsukumia pumba kwa fimbo. Alizinusa. Alinitazama kwa jicho moja, kisha akala. Nilibaki pale mpaka alipolamba sufuria, na niligundua kwamba muda wote ule sikuwa nimefikiria lango.

Mama mkwe alimtuma wifi kumuuliza mwalimu wa madrasa kama mwenye eda anaruhusiwa kushughulika na punda. Mwalimu alijibu kwamba kulisha kiumbe cha Mungu hakuna ubaya, ilimradi nisitoke nje ya ua. Mama mkwe hakufurahi, lakini alikuwa ameshauliza.

Mtu aliyenisaidia zaidi sikumwona hata siku moja. Alikuwa bwana mifugo wa huko Newala mjini, ambaye wifi alimkuta njiani na baiskeli yake akamwomba apite. Alipofika mama mkwe alimzuia langoni. Mwanamume mgeni hataingia kwenye ua wa eda. Na punda hangeweza kutolewa kwa sababu hakuna aliyeweza kumtoa. Basi bwana mifugo akazunguka akasimama nje ya mianzi, upande wa mkorosho, na mimi nikasimama ndani, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba hata matundu ya ua hayakuonyesha kitu nyuma yake. Tulizungumza kama watu wawili kwenye simu.

"Anakula?"

"Anakula, lakini anakohoa."

"Makamasi?"

"Meupe."

"Si kijani?"

"Hapana, meupe kama maji ya mchele."

"Afadhali. Kwato zake je?"

"Sijaziona. Amesimama kwenye tope."

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Kwato, mama. Inama unuse, utaniambia."

Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu, mikono kiunoni. Niliinama kwa mbali. Nikasema zinanuka kama samaki aliyechina. Nikamsikia bwana mifugo akiguna nyuma ya mianzi.

Akanieleza taratibu, na mimi nikarudia kila neno ili ajue nimeelewa. Nimtoe kwenye tope, nimweke penye paa na majivu makavu chini. Nisimame ubavuni mwake, nisisimame nyuma. Nimwekee mkono shingoni, niuteremshe polepole mpaka mguuni, nimwegemee kidogo, na mguu atautoa mwenyewe. Nikwangue uchafu kwa kijiti, nioshe kwa maji ya chumvi, nikaushe. "Na mkinge na manyunyu," alisema. "Huyu ni mnyama wa nchi kavu. Manyoya yake yanakunywa maji kama blanketi, hayamwagi kama ya mbuzi. Baridi hii ndiyo inamuua. Tope linamaliza kazi tu."

"Na kama atanipiga teke?"

"Atakupiga mara moja mbili. Usimpige na wewe. Mwenye haraka hamuwezi punda."

"Haraka ya kwenda wapi?" nilimwambia, na nikamsikia anacheka kidogo, kisha baiskeli ikalia, akaondoka.

Mume wangu alikuwa na kibanda cha bati pembeni ya uwanja alimowekea mitumba. Nilikiomba kwa mama mkwe, akakataa, nikamwomba tena kesho yake, akasema fanya unavyotaka. Kumhamisha punda hatua zile chache kulinichukua asubuhi nzima. Nilishika kamba nikasimama. Nikivuta, anavuta. Nikiacha, anaacha. Mwishoni nikageuka nikampa mgongo, nikakaa chini kwenye ncha ya kamba, nimechoka, nalia bila sababu maalumu. Nikahisi pumzi ya moto kwenye shingo. Nikasimama bila kumtazama, nikatembea kuelekea kibandani, na yeye akaja.

Maji ndiyo yalikuwa ugomvi. Wifi aliporudi bondeni na ndoo yake, shingo imemkaza, mimi nilihitaji maji ya kuoshea kwato.

"Mimi natawadha kwa kikombe," mama mkwe alisema, "punda aoshwe miguu kwa chumvi?"

Alikuwa na haki. Nikaanza kutega matone ya ukungu. Bati la kibanda lilikuwa linadondosha kutwa, tone kwa tone, basi nikapanga masufuria na madishi chini ya ukingo wake, na kufikia jioni nilikuwa na maji ya kutosha miguu minne. Yalikuwa baridi hata mkono unakufa ganzi. Alinipiga teke la paja mara ya kwanza, nikachechemea siku kadhaa. Mara ya pili alikosa, nadhani kwa kusudi. Baada ya hapo aliutoa mguu kama ilivyosema ile sauti ya nyuma ya ua, akauacha mzito mkononi mwangu, akapumua.

Ilibaki baridi. Kwenye ile robota kulikuwa na makoti yaliyokosa wanunuzi, ya watu wa nchi za theluji, mazito kama godoro, vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa. Masasi walicheka walipoyaona; nani avae hilo juani? Hata Newala, ambako watu wanajua baridi, yalikuwa mazito mno. Mjomba alikuwa amesema vitu visiguswe. Nilifungua robota. Nikachukua koti moja la rangi ya majivu, nikakata mikono, nikamtandikia punda mgongoni, nikalifunga tumboni kwa kamba ya katani. Alisimama ameshangaa. Kisha akajitikisa, koti halikudondoka, akarudi kwenye maganda yake ya muhogo.

Wifi alipomwona alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika kwenye nyumba ile tangu msiba, na mama mkwe akatoka kukemea. Akamwona punda na koti. Alimtazama muda mrefu. Akasema tu, "Kola imemkaa vizuri," akarudi jikoni, na nikamsikia anapiga chafya au analia, sikujua ni kipi.

Kikohozi kilikwisha taratibu. Nikaanza kumfundisha, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Kwanza nilimfunga gunia tupu, tukazunguka uwanja: kutoka kibandani kwenda jikoni, jikoni kwenda chooni, chooni kwenda langoni, langoni kurudi kibandani. Kisha nikamfunga madumu matupu mawili. Yalipogongana alikurupuka akavunja kichanja cha vyombo. Nikayajaza nguo ili yasilie, siku hadi siku nikapunguza nguo, mpaka akazoea mlio. Kisha nikayatia mchanga. Nikimwambia "twende" anakwenda, nikimwambia "basi" anasimama, na nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu mwenye eda hapigi kelele. Uwanja ule ulikuwa mdogo. Tulizunguka mpaka miguu yetu ikachimba njia kwenye udongo mwekundu, na ukungu ukishuka nilikuwa siioni njia, naifuata kwa nyayo. Kila tukifika langoni niligeuza. Yeye pia alijifunza kugeuka pale, bila mimi kusema neno, na hilo lilinichoma.

Mjomba alikuja katikati ya kipupwe, siku ya manyunyu. Alikuwa mzee mnene mwenye goti bovu na sauti ya upole, na nilikuwa namheshimu. Alikaa barazani na mama mkwe na wazee wawili aliokuja nao, mimi nimekaa ndani nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Unaendeleaje na hali?"

"Nashukuru Mungu."

"Ndiyo. Sasa sikiliza. Tumezungumza na wazee wenzangu, na mjomba wako wa Lisekese tumeshaonana. Ukitoka eda hatutaki upotee. Mdogo wake marehemu yuko Mtwara, tumempelekea habari. Atakuja, utabaki hapa hapa, kwa mama yako huyu. Nyumba haitakuwa tupu."

Nilimjua shemeji yangu. Alikuwa kijana mpole, mdogo kuliko mimi, na kwenye arusi yetu alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Nilingoja mama mkwe aseme kitu. Nikamsikia akimimina chai.

"Mjomba wangu amekubali?" niliuliza.

"Amekubali. Ameona ni heri."

Basi ilikuwa imekwisha. Watu wote wenye kauli walikuwa wameshazungumza, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kabla ya kuondoka mjomba alizunguka nyumba kukagua vitu. Akakuta punda amevaa koti.

"Mali ya marehemu anavaa punda!" alisema, na sauti ya upole ikapotea.

"Angekufa kwa baridi," nilijibu kutoka dirishani. "Mngegawana mzoga."

Wale wazee wawili barazani walinisikia, na mwanamke wa eda hajibu hivyo. Mjomba alisema tu kwamba punda atauzwa, kwa kuwa hakuna wa kumtumia, na akaenda zake.

Siku zilizofuata ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Ukungu haukunyanyuka. Niliamka, nikawasha moto kibandani ili moshi umkaushe punda, nikamkwangua kwato ambazo tayari zilikuwa nzima, nikazunguka naye. Nikilala nahisi ukuta wa mianzi umesogea. Nilifikiria kutoroka, lakini kwenda wapi, kwa mjomba wangu aliyeshakubali? Wakati mwingine nilisimama nimelaza shavu kwenye shingo ya punda, ndani ya kola ya koti, mpaka wifi anaponiita. Kulikuwa na joto pale. Harufu yake ilikuwa ya moshi na majani makavu.

Eda iliisha kipupwe kikiwa kinakaribia kuisha nacho, ingawa asubuhi bado zilikuwa nyeupe. Nilioshwa, nikavishwa kanga mpya, ikasomwa dua. Mjomba alikuja na vijana wawili. Alikuwa amempata mnunuzi, mfanyabiashara wa Nanganga, ambaye angemsubiri Masasi. Vijana wakamvua punda koti, wakamfunga kamba mpya, wakamvuta. Alikwenda vizuri mpaka langoni, akageuka.

Walimvuta, akakita miguu. Walimsukuma, akalala. Mmoja akavunja fimbo ya muhogo akamchapa, ikakatika, akachukua nyingine. Punda hakulia. Alilala pale kwenye kizingiti, jicho lake limenielekea, na mvumo wa fimbo nikawa nausikia mgongoni mwangu.

"Mwacheni," nilisema.

"Binti, tusaidie basi," mjomba alisema, ameegemea mguu wake mzima. "Wewe unamjua. Mtoe tu nje, watamalizia wao."

"Nje hataenda nao. Nikimtoa mimi, nitampeleka mimi mpaka Masasi."

"Masasi?"

"Na nikifika Masasi nitakwenda Lisekese kwa mama. Sitarudi, mjomba."

Vijana wakatazama chini. Mjomba alifungua mdomo aseme habari ya makubaliano, na hapo mama mkwe akatoka jikoni, mikono ina unga. Alikuwa hajasema chochote siku ile ya pazia, na mimi nilikuwa nimeshamhesabu upande wa pili.

"Mwache aende, kaka," alimwambia.

"Tumeshakubaliana na watu wake."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi ndiye niliyekaa naye. Nilimwona anazunguka humu kila siku, nikawa nasali iwe ni punda tu anayefundishwa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na yule mdogo ana mtu wake Mtwara. Aliniambia. Sikusema kwa sababu nilitaka tusibaki mimi na binti yangu peke yetu. Basi nimesema."

Sikujua nimshukuru vipi. Nilipiga magoti, akanishika kichwa, unga wake ukabaki kwenye nywele zangu.

Nilimvika punda koti lake. Nikasimama langoni, upande wa ndani, kamba mkononi, na nikakuta miguu yangu haitaki. Njia ilikuwa pale, wazi, watu wanapita na majembe, na mwili wangu ulitaka kugeuka kurudi kibandani. Niliogopa waziwazi, kwa mtu mzima ni aibu kusema. Nikamwambia "twende", na sijui nilikuwa namwambia nani. Tukatoka.

Mjomba aliamua kunisindikiza. Hakutaka ionekane nimefukuzwa. Wale vijana walirudi kwao. Tulipofika ukingoni mwa uwanda, pale njia inapoanza kuteremka, bonde lote lilikuwa limejaa ukungu kama maziwa, na njia ikaingia humo ikapotea. Punda alisimama, akainamisha kichwa akanusa chini, nami nikasimama naye. Mjomba akataka kumpiga kofi la kiuno.

"Usimpige, mjomba. Anatafuta pa kukanyaga."

Tulingoja. Kisha akaweka kwato moja kwenye changarawe, akaweka nyingine. Nilishika koti kwa mkono mmoja. Mawe yalikuwa na utelezi, na goti la mjomba likaanza kumgomea; baada ya kuteleza mara mbili naye akashika koti, upande wa pili. Tukashuka hivyo, watu wawili na punda katikati, bila kuonana.

"Unanichukia?" aliuliza sauti yake ikitoka kwenye weupe.

"Hapana, mjomba."

"Nilifikiri nakuwekea ukuta, usianguke. Mpwa wangu alikupenda. Nilisema nikikuacha uende, watu watasema ukoo ule haujui kutunza."

"Najua."

"Ulikuwa unabanwa?"

Nilifikiri nimjibu kwa adabu. "Nilikuwa nashindwa kupumua, mjomba."

Nilisikia tu pumzi yake na mawe yakiviringika mbele yetu. Chini kabisa ukungu ulikatika ghafla, kama pazia lililoondolewa, na jua likatupiga usoni. Kulikuwa na joto. Mjomba alicheka, akavua kofia yake akajipepea. Punda alianza kutoka jasho, nikamvua koti, mjomba akalikunja akalibeba begani mwake.

Tulilala kwa watu wake njiani, na kesho yake mchana tukaingia Masasi. Mnunuzi alikuwa mtu mwembamba mwenye shati la mtumba lenye maandishi mgongoni. Alimpapasa punda, akamfunua meno, akaridhika. Nilimweleza yote: kwamba asimame ubavuni, kwamba "twende" na "basi" zisemwe chini chini, kwamba kwato zioshwe kwa chumvi, kwamba akisimama ana sababu. Alinisikiliza mwanzoni, kisha akaanza kutazama pembeni.

"Dada, ni punda," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Ni punda."

Nilimpa kamba. Nilimwekea mkono shingoni mara ya mwisho, nikaondoka haraka kabla hajafungwa kwenye toroli, kwa sababu sikutaka kuona kama atanitazama. Nilisikia analia nyuma yangu, ule mlio wao mbaya unaopanda na kuvunjika. Sikumbuki nilifikaje kona ya barabara. Mjomba alikuwa ananisubiri pale. Aliniaga, akanipa koti la majivu nikalikataa, akalichukua tena begani, akaenda kutafuta gari la kurudi juu.

Njia ya Lisekese niliijua tangu utotoni. Nilitembea peke yangu katikati ya mihogo, jua limelala upande, na nilikuwa kila mara nageuka kutazama kama kuna mtu ananiita nirudi. Mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Alinitazama kama mgeni, ungo umesimama hewani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama. Shikamoo."

Aliweka ungo chini. Hakuuliza zaidi siku ile. Alinipikia ming'oko, vile viazi vya porini, akaketi akinitazama nikila.

Mjomba wangu alikuja wiki iliyofuata amekasirika, akazungumza, mama akamwandalia chai, akazungumza tena, akaondoka, na jambo hilo halikurudi. Shemeji alimuoa yule mtu wake wa Mtwara, wakaja kukaa na mama mkwe, na wifi aliponitembelea alisema nyumba ina mtoto sasa. Punda nilisikia yuko Nanganga anabeba maji. Nilipata nafasi ya kupita huko mara moja tu, kwenye gari lililokuwa na haraka, nikaona punda wengi wa kijivu kando ya barabara, sikuweza kusema ni yupi.

Kuhusu mimi, kwa muda mrefu sikuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Mama aliuacha wazi bila kuuliza. Asubuhi alinipa jembe, tukaenda shambani kwake kupalilia chini ya mikorosho, ambayo wakati ule ilikuwa imetoa maua, na harufu yake ilijaa kote mpaka kwenye nguo.